WALIPEWA UASIN GISHU, WAKACHAGUA SAYUNI

 

Maandiko ya leo: Ezekieli 36:24, Isaya 45:1-5, na Ezekieli 47:21-23. Fungua Biblia yako usome mwenyewe kabla ya kuendelea.

Wengi wetu tunaujua unabii wa Ezekieli. Akiwa uhamishoni Babeli, alisema Mungu atawakusanya Israeli kutoka mataifa yote na kuwarudisha katika nchi yao. Lakini je, unajua kwamba kuna wakati Wayahudi nusura waletwe hapa Kenya?

Ilikuwa mwaka 1903. Wakati wa Pasaka, Wayahudi 49 waliuawa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi. Nyumba na maduka yao yakavunjwa. Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Wayahudi kurudi kwao, akawa anabisha kila mlango. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa amepita Afrika Mashariki mwishoni mwa 1902 akisafiri kwa ile reli mpya ya Mombasa. Serikali yake ikaonyesha iko tayari kuwapa eneo kwenye nyanda za juu za Uasin Gishu. Watu wakauita Mpango wa Uganda, kwa sababu sehemu ile ilihesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka 1902. Lakini ni Kenya yetu, upande wa Eldoret ya leo.

Agosti 1903 wajumbe wakakutana Basel, Uswisi. Herzl aliwaambia hiyo si Sayuni, ni mahali pa kujihifadhi kwa muda. Kura zikapigwa kuamua kama watume watu wa kuikagua nchi: 295 wakakubali, 178 wakakataa. Wajumbe wengi kutoka Urusi wakatoka ukumbini wakilia. Wapendwa, hao ndio waliokuwa na shida kubwa kuliko wote! Hata wa Kishinev walikataa. Nyumba inaungua, unapewa nyingine yenye mvua na udongo mzuri, nawe unasema, "Hapana, mimi nina kwetu."

Herzl akafariki Julai 1904. Mwanzoni mwa 1905 wakaguzi watatu walifika Uasin Gishu, na mwaka huohuo mkutano wa Basel ukaufunga mpango. Baadaye, mwaka 1908, ni Makaburu kutoka Afrika Kusini waliohamia kule. Nalo taifa la Israeli likatangazwa tarehe 14 Mei 1948, katika nchi ileile waliyoililia. Na Mei 1991, jirani zetu Wayahudi wa Ethiopia zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege hadi Israeli kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Mimi nikisoma haya, naona Mungu asiyesahau neno lake.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Katika kura ile ya 1903, kundi la marabi na wacha Mungu, wengi wao walikubali kuja Afrika, maana waliona roho za watu ziko hatarini. Na wengi waliosema "Sayuni tu" hawakuwa watu wa sinagogi. Hapo ndipo Isaya 45 inapoingia. Mungu alimtumia Koreshi, mfalme asiyemjua, kuwarudisha mateka. Usimpangie Mungu atamtumia nani.

Lakini somo halijaisha. Waingereza waliiona Uasin Gishu kwenye ramani kama nchi tupu. Jina lenyewe ni la Wamaasai waliolisha ng'ombe huko, na Wanandi walikuwa palepale, wakipigana na Waingereza hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Hata Palestina haikuwa tupu. Waarabu walikuwa wakiishi huko, Waislamu na Wakristo.

Ndiyo maana naipenda Ezekieli 47. Nabii yuleyule aliyetabiri kurudi, anapofika kwenye kugawa nchi, anasema mgeni aliyezaa watoto kati yenu apewe urithi pamoja nanyi. Wahubiri wengi huhubiri sura ya 36 kwa sauti kubwa, kisha sura ya 47 wakairuka.

Sisi wa Tana tusiiruke. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta hii kwa ugomvi wa ardhi, maji na malisho. Mkulima alisema shamba ni la babu zake, mfugaji akasema malka ni ya babu zake. Wote walikuwa na babu! Mafuriko yakija, Mpokomo na Muorma wanakimbilia nchi ya juu ileile, na wote wanatamani kurudi nyumbani.

Mpendwa, usichukue ahadi ya Mungu ukaifanya panga la kumfukuzia jirani. Mungu anayemrudisha mtu kwao ndiye anayemlinda mgeni mlangoni.

Ombi la leo: Baba, asante kwa kuwa unatimiza neno lako. Liponye bonde letu la Tana. Wape amani Wayahudi na Waarabu. Tufundishe kugawana ulichotupa. Katika jina la Yesu, amina.

Wiki hii msalimie jirani ambaye hamjasemezana tangu ugomvi wa shamba au ng'ombe. Mungu awabariki.