Joan Clarke (1917–1996): Mwanahisabati wa Kibanda Namba 8

Joan Clarke, mzaliwa wa London, alisomea hisabati Cambridge na kufaulu kwa daraja la kwanza. Shahada kamili hakupewa, kwani chuo hicho kiliwanyima wanawake haki hiyo hadi mwaka 1948.

Juni 1940 alifika Bletchley Park, ambako Waingereza walikuwa wakifumbua kwa siri mawasiliano ya Ujerumani. Alianza na kazi za ukarani, lakini haukupita muda akawekewa meza katika chumba cha mwanahisabati Alan Turing, ndani ya Kibanda Namba 8.

Walipambana na Enigma, mashine ya kufumba ujumbe iliyotumiwa na jeshi la majini la Ujerumani na nyambizi zake. Walitumia karatasi ndefu walizochapishiwa katika mji wa Banbury: kila ujumbe uliwekwa kwenye karatasi yake kwa kutoboa matundu, herufi kwa herufi, kisha karatasi mbili zikapitishwa moja juu ya nyingine na matundu yaliyolingana yakahesabiwa. Yakizidi yale yanayoweza kutokea kwa bahati tu, mpangilio wa mashine ulianza kujitokeza. Kazi hiyo ilidai subira ya ajabu, na Clarke alikuwa miongoni mwa mahodari wake.

Ili aongezewe mshahara, aliandikishwa kuwa mtaalamu wa lugha, ingawa kwenye fomu alijaza kwamba hajui lugha yoyote ya kigeni. Mwaka 1944 akawa naibu mkuu wa kibanda, hadhi aliyoistahili mapema zaidi.

Baadaye alitafiti sarafu za kale za Scotland, na mwaka 1986 akatunukiwa medali kwa utafiti huo.