Vijana wa Amu na Vita vya Ulevi: Mafunzo ya Zamani



Kabla ya kuingia katika hesabu za mwaka, twaona yafaa kuitazama asili ya jambo moja linalotuhuzunisha sote, nalo ni ulevi wa watoto wasiotimiza miaka 18. Wako wadhanio kuwa ni balaa la juzi. Lakini tembo ni la kale katika pwani hii, na lugha yetu yashuhudia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mnazi ule ule utupao nazi, makuti na kamba ndio utoao tembo. Likigemwa asubuhi ni tamu. Jua likipanda huchachuka, na jioni lina nguvu ya kulevya. Halingoji meli wala kiwanda, na kwa hiyo amri peke yake haijapata kulizuia.

Amri zilikuwapo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali ya kikoloni ikaendelea kumkataza Mwafrika vileo hivyo kwa miaka mingi. Lakini makatazo hayo yalitazama asili ya mtu, hayakutazama umri wake. Mzee wa miaka 60 na mtoto wa miaka 12 walihesabiwa sawa, na tembo la mnazi Mkataba ule haukuligusa. Kumlinda mtoto kulibaki kuwa kazi ya wazazi, chuo na msikiti.

Mwaka 2010 Kenya ilipata sheria ya kudhibiti vileo, iliyokataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na kuagiza baa ikae mbali na shule kwa mita 300 au zaidi. Katiba ya mwaka huo huo ikazipa kaunti kazi ya leseni za vileo. Ni sheria njema. Hata hivyo, auzaye uani kwa siri hana leseni ya kunyang'anywa. Na mlango wake wajulikana na nani? Mara nyingi vijana huujua kabla yetu.

Hapa twakumbuka kazi ya Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akahamia Amu, na aliyefariki mwaka 1935. Aliwafundisha wanyonge na wazao wa watumwa, ambao wengi katika mji hawakuwapa nafasi ya elimu. Aliingiza tari katika maulidi, na baadhi ya wakubwa wakampinga. Leo maulidi ya Riyadha huvuta wageni kutoka nchi nyingi, na katika siku zake vijana hushindana kwa majahazi, kuogelea na mbio za punda. Hatusemi kuwa hayo yalianzishwa kwa ajili ya ulevi. Twasema kuwa waliokuwa nje walipewa kazi ya heshima, nao wakaichukua kuwa yao.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wakubali mambo matatu. Kwanza, vijana wa kiume na wa kike, wa Amu, Manda na Pate, wachague wenyewe wasemaji wa kukaa katika kamati yetu. Pili, watueleze mahali panapouzwa kileo kwa watoto, bila kutakiwa kuwataja wenzao wanaokunywa. Kwani kijana akifanywa mpelelezi hupoteza rafiki, nasi tutampoteza yeye. Tatu, mtoto aliyekwisha kuanza kunywa apelekwe kwa tabibu na kwa wazee kwa siri, maana aibu huzifanya nyumba zimfiche mgonjwa mpaka ugonjwa ukomae.

Watakuwapo watakaosema kuwa kijana akikaa barazani na wakubwa, adabu itapotea. Twawajibu kwa heshima: adabu hufunzwa barazani. Asiyekaribishwa hapo ataketi kwingine, na huko mwalimu wake hatukumchagua sisi.