Taya Lililovimba na Mate ya Mgonjwa

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Ilikuwa kansa. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa maili 10,000 hivi, wakapita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa huo ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi, kama kwenu Tunduma. Makao yake ni mabondeni kwenye joto.

Miaka hiyo Burkitt akajaribu dawa iitwayo methotreksati. Watoto wengine uvimbe ulinywea upesi, ajabu kweli! Lakini dawa hiyo huua chembe zizaliwazo upesi, na ngozi laini ya kinywa hujifanya upya kila siku. Basi kinywa huwaka, vidonda hutoka, hata uji haupiti.

Siku hizi wataalamu huchunguza mate, wakitafuta humo dalili za uvimbe wa kinywa kabla kidonda hakijatokea. Bado wanajaribu. Nawe fikiri: sindano huuma, lakini kutema mate kikombeni hata mtoto mgonjwa aweza.