Giza Linalosomeka

Mfalme wa Ndoto, mhusika mkuu wa katuni ya The Sandman, ana ngozi nyeupe kama karatasi, nywele timutimu na macho meusi ti yenye chembe ya mwanga ndani. Akisema, maneno yake hukaa ndani ya kipovu cheusi chenye ukingo wa mawimbi, na herufi zake ni nyeupe. Todd Klein, aliyeandika kwa mkono karibu maneno yote ya The Sandman, ndiye aliyempa sauti hiyo ya kuonekana kwa macho. Hata kisanduku kiwe giza totoro, msomaji anajua nani kanena.

Msaada huo ulihitajika sana.

Toleo la kwanza la katuni hiyo, iliyotungwa na Mwingereza Neil Gaiman na kuchapishwa na DC Comics ya Marekani, lilibeba tarehe ya Januari 1989. Kompyuta ilikuwa bado haijaiteka kazi ya rangi. Kwa desturi ya wakati ule, mtia rangi alipaka nakala ya ukurasa, akaandika humo alama za viwango vya wino, kisha mafundi wengine kabisa wakaitenganisha kazi yake kuwa sahani za buluu, nyekundu, njano na nyeusi. Zambarau aliyoiwaza na zambarau iliyotoka mtamboni hazikuwa lazima ndugu wa damu. Halafu kulikuwa na michoro ya Sam Kieth, iliyosheheni mikunjo, vinyweleo na vivuli, ikipigwa wino na Mike Dringenberg. Inavutia, lakini katika hadithi ya kutisha, jicho likishindwa kutenga mkono na pazia, hofu inageuka kero. Kieth aliaga baada ya matoleo 5. Dringenberg akashika penseli, Malcolm Jones III akashika wino.

Mwaka 2006 DC ilianza kutoa The Absolute Sandman, vitabu vikubwa vya kifahari, na matoleo 18 ya mwanzo yakatiwa rangi upya. Mistari ni ile ile. Ila sasa nyuso zinachomoza pale zilipokuwa zimezama. Wapo wanaoukumbuka ukungu wa zamani kwa mapenzi, na si vibaya; kusoma, hata hivyo, kumekuwa rahisi zaidi.

Mchoraji Marc Hempel alikwenda njia nyingine. Katika The Kindly Ones, mkasa mrefu kuliko yote ya katuni hii, ulioanza 1994, alichonga watu kwa mistari michache minene na madoa mapana ya weusi. Ukitaka urembo wa vidole na kope utanung’unika, lakini kivuli kimoja tu ukutani kinatosha kukueleza nani kaingia chumbani.

Kilele, kwa jicho la mwandishi huyu, ni toleo la 50, la mwaka 1993, liitwalo Ramadan. P. Craig Russell aliichora Baghdad ya Harun al-Rashid, ile ile ya Alfu Lela Ulela, kwa mistari myembamba isiyotetereka, na Lovern Kindzierski akaijaza dhahabu na buluu. Kila kuba linahesabika. Kisha kurasa za mwisho zinaruka hadi Baghdad ya zama zetu, iliyopigwa mabomu: vifusi, na mtoto aliyekuwa akisikiliza hadithi.