Uwiano wa Pande na Pindo Nyeusi za Runinga

Uwiano wa pande ni istilahi inayotaja uhusiano uliopo kati ya upana wa picha na kimo chake, nao huandikwa kwa namba mbili, ya kwanza ikiwa ya upana na ya pili ya kimo. Runinga bapa zinazouzwa leo Kitale, Bungoma na katika vituo vidogo vya barabara ya Webuye hadi Kitale, Lugulu ikiwa kimojawapo, zina uwiano wa 16:9, yaani kila vipimo 16 vya upana vina vipimo 9 vya kimo, iwe runinga ni ya inchi 32 ya sebuleni au ya inchi 55 ya ukumbi wa video. Filamu yenye uwiano tofauti na huo haiwezi kukijaza kioo chote bila kukatwa au kuharibiwa umbo, na sehemu isiyofikiwa na picha hubaki nyeusi. Weusi huo, ambao watazamaji wengi huudhania kuwa ubovu wa kioo au udhaifu wa nakala, kwa kawaida ni dalili kwamba picha imeletwa nzima.

Kutolingana huko kuna historia yake. Katika miaka ya 1890 William Dickson, aliyefanya kazi katika maabara ya Thomas Edison nchini Marekani, alitumia utepe wa filamu wenye upana wa milimita 35 na kuipa kila picha kimo cha matundu manne ya ukingoni mwa utepe, na kutokana na hapo ukapatikana uwiano wa 4:3. Sinema ilipopata sauti, uwiano huo ulirekebishwa kidogo, ukawa 1.37:1 mwaka 1932, na The African Queen, iliyopigwa Uganda na Kongo na kutolewa mwaka 1951, ni ya kipimo hicho. Runinga nayo ilirithi 4:3 kutoka kwa sinema, ndiyo maana vipindi vya zamani vya KBC kama Vitimbi na Vioja Mahakamani vilirekodiwa katika umbo hilo linaloukaribia mraba. Runinga ilipoanza kuwazuia Wamarekani majumbani mwao, wenye studio za Hollywood walijibu kwa kuipanua sinema: mwaka 1953 ilitoka The Robe, filamu ya kwanza ya mfumo wa CinemaScope, uliotumia lenzi ya kuibana picha kwa upana wakati wa kupiga na nyingine ya kuikunjua wakati wa kuonesha. Born Free, iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 1966, ni ya ukoo huo wa picha pana, na uwiano wake ni 2.35:1.

Kipimo cha 16:9 kilikuja baadaye kama suluhu kati ya koo hizo mbili. Katika miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers wa Marekani alichora mistatili ya uwiano mbalimbali uliokuwa ukitumika, yote ikiwa na eneo sawa, akaipanga juu ya kitovu kimoja, akaona kwamba mstatili unaoizunguka yote na ule unaoenea ndani ya yote ina uwiano mmoja, nao unakaribia sana 16:9. Haki iliyomo katika hesabu hiyo inastahili kuoneshwa kwa namba. Kioo chenye nukta 1920 za upana na 1080 za kimo kinapoonesha Born Free, picha hutumia mistari 817 hivi ya kimo na kuacha takriban 131 juu na 131 chini, ambayo kwa jumla ni karibu robo ya kioo. Kinapoonesha kipindi cha 4:3, picha hutumia nukta 1440 za upana na kuacha 240 kila kando, ambayo ni robo kamili. Picha pana na picha ya zamani zimepunjwa kwa karibu kiasi kilekile.

Jina la weusi huo kwa Kiswahili linahitaji uangalifu. Kiingereza huuita ule wa juu na chini kwa jina la tundu refu, jembamba la mlangoni ambamo mtu wa posta hupenyeza barua, lakini nchini Kenya sanduku la posta ni kijumba cha chuma chenye kufuli kwenye jengo la posta, hivyo tafsiri ya neno kwa neno haimpi msomaji picha yoyote. "Kanda nyeusi" huchanganya na kanda za video, na "mistari myeusi" huashiria kitu chembamba kilichochorwa juu ya picha. Neno linalofaa zaidi ni upindo, wingi pindo, kwa sababu leso ina mji na pindo, na kama vile pindo zilivyo sehemu ya kitambaa bila kuwa sehemu ya mji, weusi huu ni sehemu ya kioo bila kuwa sehemu ya picha. Hivyo zitatajwa pindo za juu na chini, na pindo za kando.

Anayeziondoa kwa rimoti hulipa gharama. Akiikuza Born Free hadi ijae, hupoteza karibu robo ya upana wa picha, pamoja na mbuga na wanyama waliopangwa kwenye kingo zake. Akiivuta Vitimbi kwa upana, nyuso za wahusika wake, Mzee Ojwang na Mama Kayai, hunenepa kwa theluthi. Video za harusi na mazishi zinazopigwa kwa simu iliyosimamishwa wima zina uwiano wa 9:16, na pindo zake za kando humeza zaidi ya theluthi mbili za kioo.

Ipo hali moja tu ambapo kukuza hakuna hasara ya picha, nayo ni pindo za pande zote nne, zinazotokea filamu pana ilipokwisha kuwekewa pindo za juu na chini ili itoshee runinga ya 4:3, kisha nakala hiyohiyo ikaoneshwa kwenye runinga ya 16:9, ambayo huiongezea pindo za kando. Hapo mtazamaji anaweza kuikuza picha mpaka iguse kingo za kushoto na kulia, na kitakachokatwa ni weusi mtupu.