Nani Ameshinda Vita vya Ulimi?

Msomaji, katika mbio mshindi hujulikana kwa utepe, na katika mpira hujulikana kwa mabao. Walakini viko vita visivyo na utepe wala goli, ambavyo watu wamebishana juu ya matokeo yake kwa zaidi ya miaka 30 bila ya kupatana. Hivyo ni vita vya maneno vya madijei wa Jamaika, kisiwa kilicho katika Bahari ya Karibi. Katika insha hii tutapima mambo mawili: jinsi mshindi wa vita hivyo anavyopatikana, na kama vita vyenyewe ni vya heshima au vya aibu. Mambo haya huonekana kuwa mbalimbali, lakini tukiyafuata vizuri tutaona kuwa yana mzizi mmoja.

Kwanza yatupasa kujua dijei ni nani. Kwetu jina hilo hupewa mtu anayechezesha santuri. Katika Jamaika mchezesha santuri ana jina lake jingine, na dijei ni yule anayeshika kipaza sauti na kughani maneno yenye vina juu ya mdundo wa santuri ile. Muziki wake huitwa dansiholi, kwa kuwa ulikulia katika viwanja na holi za dansi. Madijei wawili wakipanda jukwaani kusutana, kila mmoja akitaka kumnyamazisha mwenziwe mbele ya halaiki ya watu, hayo ndiyo mapambano tunayoyazungumzia.

Mbegu yake ilipandwa mjini Kingston katika miaka ya 1950. Maskini wa mji huo hawakuwa na fedha za kusikiliza bendi katika mahoteli. Basi walikusanyika viwanjani kucheza mbele ya mitambo ya muziki yenye spika kubwa kama kabati za nguo. Wenye mitambo walishindania wateja. Mmoja wao alikuwa Duke Reid, aliyewahi kuwa polisi. Mwingine alikuwa Clement Dodd, aliyejulikana zaidi kwa jina la Coxsone. Coxsone alileta santuri kutoka Marekani na kukwangua majina yaliyoandikwa juu yake, ili washindani wake wasijue wazitafute wapi. Mwenye santuri bora alijaza uwanja, na mwenye uwanja mtupu alirudi nyumbani mikono mitupu. Wahuni nao walikwenda kuvuruga dansi za upande wa pili. Kwa hiyo, msomaji, tangu mwanzo vita hivi vilikuwa vya riziki kwanza, na vya sifa baadaye.

Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962. Mara baada ya hapo waimbaji wawili mashuhuri, Prince Buster na Derrick Morgan, walianza kusutana kwa santuri. Buster alimlaumu Morgan kuwa amechukua sehemu ya muziki wake na kuipeleka kwa mtayarishaji mwingine, Leslie Kong, Mjamaika wa asili ya Kichina. Wimbo wake ukamwita Morgan Mchina mwenye kichwa cheusi. Morgan naye hakunyamaza. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe. Wafuasi wao wakaanza kupigana, hata serikali ya taifa changa ikalazimika kuingia kati: wawili hao walipigwa picha pamoja kama marafiki, ili mashabiki wao watulie.

Hao walikuwa waimbaji. Zamu ya madijei ilifika mwaka 1970, wakati U-Roy alipotoa santuri kwa Duke Reid zikapendwa nchini kote, watu wakatambua kuwa mghani anaweza kusimama sawa na mwimbaji. Mwaka 1975 madijei wawili, I-Roy na Prince Jazzbo, walidhihakiana kwa santuri zilizofuatana, nyingi zikitayarishwa na Bunny Lee. Aliyezinunua alidhani wawili hao ni paka na panya. Kumbe walikuwa marafiki! Linganisha mfano huu na ule wa Buster na Morgan. Maneno makali yalitumika katika mifano yote miwili, lakini mmoja ulizaa magomvi mitaani na mwingine ulizaa kicheko.

Mwaka 1984 yalianzishwa maonyesho yaitwayo Sting, yakifanywa siku inayofuata Krismasi. Mwasisi wake, Isaiah Laing, alikuwa afisa wa polisi. Sting ndiyo iliyoyafanya mapambano ya madijei kuwa tamasha kubwa la mwaka. Hapo hapakuwa na jopo la waamuzi wala karatasi za alama. Mwamuzi alikuwa umma. Watu walipopendezwa na ubeti walipiga kelele na kupuliza honi, na mara nyingi santuri ilisimamishwa na kurudishwa mwanzo ili maneno yale yasikike tena. Walipochukizwa walizomea, na wengine walirusha chupa. Dijei alitakiwa kuwa na mambo matatu: maneno mapya ambayo watu hawajayasikia, wepesi wa kujibu papo kwa papo, na ushupavu wa kusimama wakati sauti elfu zinamtaka ashuke.

Sasa tutazame pambano la Sting la mwaka 1993 baina ya Bounty Killer, kijana wa miaka 21, na Beenie Man, aliyekuwa na miaka 20. Bounty Killer alidai kwamba mwenziwe anamwiga. Walisutana usiku ule mbele ya maelfu ya watu, na hadi leo Wajamaika hawajapatana juu ya nani alishinda. Wapo wanaompa ushindi Bounty Killer kwa ukali wa sauti yake, na wapo wanaompa Beenie Man kwa wepesi wa ulimi wake. Kila upande una hoja, maana kila upande unatumia mizani yake. Anayependa radi hawezi kukubaliana na anayependa umeme. Vilevile kelele za uwanja si ushahidi kamili, kwa kuwa shabiki hushangilia kabla hajasikia. Baada ya umma wa usiku ule alikuja mwamuzi wa pili, nao ni wakati. Wakati haukumwondoa yeyote kati yao. Wote wawili waliendelea kuwa nguzo za muziki wa kwao.

Tukija kwenye swali la uadilifu, washtaki husema kwamba mapambano haya hufundisha vijana matusi na kiburi, na kwamba tusi la leo ni jiwe la kesho. Watetezi hujibu kwamba ni heri watu wapigane kwa vina kuliko kwa visu, na kwamba kijana wa mtaa wa mabati amepata jukwaa ambalo shule na ofisi zilimnyima. Kila upande unaweza kuleta ushahidi. Katika Sting ya mwaka 2003 Ninjaman, dijei mkongwe wa mapambano, alikabiliana na Vybz Kartel, kijana aliyekuwa akipanda kwa kasi. Maneno yakaisha, ngumi zikaanza: Kartel na watu waliokuwa naye walimpiga Ninjaman mbele ya umma. Baada ya siku chache walijitokeza hadharani kupatana. Kwa maoni yangu, aliyepiga ndiye aliyeshindwa, hata kama mwenziwe alilala chini. Mkono ulionyesha kwamba ulimi umekosa jibu.

Jambo zito zaidi lilitokea miaka michache baadaye. Vybz Kartel na Mavado walipogombana, wafuasi wao waligawanyika katika kambi mbili, Gaza na Gully. Majina hayo yaliandikwa katika kuta za mitaa, na wanafunzi waligombana kwa ajili yake. Ili kuelewa hatari yake yafaa kukumbuka kwamba mitaa mingi ya Kingston ilikuwa imekwisha gawanywa na vyama vya siasa, na kwamba katika mwaka wa uchaguzi wa 1980 watu wapatao 800 waliuawa. Palipo na majani makavu cheche haidharauliwi. Desemba 2009 Waziri Mkuu Bruce Golding alikutana na madijei hao wawili ili ugomvi ukomeshwe. Serikali ilikuwa imefanya jambo kama hilo miaka 46 nyuma, kwa Buster na Morgan. Je, wenye maneno ndio waliokosa, au waliozikausha nyasi za mitaa ile ndio waliokosa? Kosa ni la wote, ila si kwa kipimo kimoja. Msemaji anayejua kuwa msikilizaji wake ana bunduki hawezi kusema kuwa yeye alitamka tu.

Sisi wa pwani hatuwezi kuyatazama haya kama mambo ya ajabu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa maadui, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi. Majivuno na vitisho vilikuwamo, na vita vya kweli vilikuwa nyuma yake. Lakini shairi lilijibiwa kwa shairi, na mwenye kujibu alifungwa na sheria za mizani na vina. Ndiyo sababu majibizano yao yanasomwa hata leo na watu wa miji yote miwili.

Basi kipimo ninachokupa, msomaji, ni hiki: yule anayetukanwa, je, anaweza kujibu? Morgan aliposutwa alikuwa na santuri yake, na akajibu. Lakini Wachina wa Kingston, ambao asili yao iligeuzwa tusi katika ugomvi usiowahusu, hawakuwa na kipaza sauti. Kadhalika wanawake ambao heshima yao huchezewa na wanaume wawili ili umma ucheke. Mapambano baina ya watu wawili wenye ndimi sawa ni mchezo, hata yakiwa makali. Neno linalotupwa kwa asiyekuwapo jukwaani ni uonevu, hata likiwa na vina vizuri.

Tarehe 23 Mei 2020, dunia ilipokuwa imejifungia kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Bounty Killer na Beenie Man walikutana tena, safari hii katika chumba kimoja mjini Kingston, wakitazamwa kwa intaneti na karibu watu 500,000. Walipokezana nyimbo zao, wakaghani papo kwa papo, wakacheka pamoja. Hakuna aliyetangazwa mshindi, na watu waliamka asubuhi wakibishana kama walivyobishana mwaka 1993, lakini hapakuwa na aliyeumizwa.

Nawe utakapokaa katika chama cha mdahalo shuleni kwenu, na wenzako wakikushangilia, tafuta kwanza kama mpinzani wako amepewa nafasi ya kujibu, na kama hoja yako imemgusa yeye au imemrukia mtu asiyekuwapo. Hapo utakuwa na haki ya kuuliza nani ameshinda.