Ganda la Korosho: Utajiri Uliosafirishwa kama Taka

Historia ya taifa husomeka hata katika taka zake. Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Jina lake jingine, mkanju, lingali na asili ya Kireno. Miaka ya 1970 Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua korosho. Vingi vilifungwa baadaye, na korosho ghafi zikapelekwa India pamoja na maganda yake.

Ndani ya ganda mna mafuta yanayounguza mikono ya mbanguaji, lakini hutengenezea vanishi na breki za magari. Yakichomwa kwa moto mkali, asidi yake ya anakadi hugeuka kadanoli. Yakikamuliwa bila moto, asidi husalimika. Kisha chokaa huigandisha kwa joto dogo, ikachujwa. Nishati huokolewa. Profesa Egid Mubofu, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kuhusu kuyageuza maganda hayo kuwa kemikali za thamani.

Nasi Nzahaha tuna kahawa, nayo ina maganda. Raia asiyejua anachokitupa, atajuaje anachopunjwa?